Baba Anayekufa Kila Picha

Marehemu yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua mkishasikia jina mtaanza kunipa pole, na mimi pole za bure sizitaki. Ni mzee wa Kitaji, Musoma, jirani yangu wa miaka mingi kabla sijahamia Bunda, na jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu kwenye filamu zote zilizochezwa kwetu yeye ndiye baba anayekufa. Watoto walikuwa wanamsalimia barabarani, "Shikamoo, Marehemu," naye anaitikia marahaba bila hata kugeuka. Mgeni akipita hapo kwa mara ya kwanza alikuwa anasimama kidogo.

Alizaliwa wapi, ukoo wake ni upi, hayo waulizeni wale wanaosoma wasifu msibani. Mimi ni msusi. Saluni yangu ilikuwa inatazamana na baraza lake, na kwa kuwa mtaa mzima ni mimi tu niliyekuwa na poda za kila rangi, Dairekta alinichukua niwe nawapamba waigizaji wake. Kwa hiyo huyu mzee nimempaka poda ya maiti kwa mikono yangu mara nyingi mpaka nimechoka kuhesabu. Uso wake naujua kuliko alivyoujua mkewe, Mungu amrehemu, ambaye yeye alikufa kweli na mara moja tu.

Dairekta ni mtu wa Bunda. Ana kamera moja, Jumamosi inapiga harusi, siku nyingine inapiga filamu. Hadithi zake nilikuwa nazijua kabla hajamaliza kunisimulia. Baba tajiri anakohoa. Baba anakufa. Baba wadogo wanakuja na gari la kukodi kunyang'anya nyumba. Mjane analia mpaka betri ya kamera inaisha. Binti anaombewa, anapata kazi benki, anairudisha nyumba. Filamu inayofuata baba anafia Bunda badala ya Musoma, na binti anakuwa daktari. Ukimuuliza mbona ni ileile, anakujibu kwamba hii ya sasa ina droni.

Na kufa, mzee alikuwa anajua kufa, lazima niseme ukweli. Kikohozi chake kilikuwa kinaanzia mbali, kinakuja taratibu, mpaka wewe uliyesimama na brashi mkononi unaanza kutafuta maji ya kumpa. Akishafumba macho, basi. Siku moja tulikuwa tunapiga mazishi karibu na ziwa, wakaja wale wadudu wa ziwani wanaotandaga kama moshi. Waombolezaji walikimbia, mchungaji wa kwenye filamu alikimbia, Dairekta mwenyewe alijifunika shati kichwani. Mzee alibaki kwenye jeneza, wadudu wanamwingia puani, hakutikisika. Walipopita akafungua jicho moja akaniuliza, "Poda bado ipo?" Nikamwambia ipo, akalifunga tena.

Kutotikisika alijifunzia kwenye mizani. Zamani alikuwa mpimaji kwenye kinu cha pamba, huko Bunda, na alikuwa anasema wakulima wakimtukana yeye anatazama mbele tu mpaka mshale utulie. Kama alikuwa anawaibia kilo au hakuwa anawaibia, hajawahi kusema. Ila kila tukienda Bunda kupiga picha alikuwa anavaa kofia na kuishusha mpaka kwenye nyusi, kwa hiyo mimi nina mawazo yangu.

Nje ya jeneza, sasa, ulimi haukuwa na likizo. Jioni alikuwa anakwenda banda la video la Kamunyonge, anakaa benchi la mbele, na filamu haijafika popote yeye ameshaimaliza. "Huyu mwenye kinyago ataokoa mji," anatangaza. "Mji uleule aliouokoa ile nyingine. Hawa watu mbona hawahami?" Ikiwekwa ya Kihindi anauliza pacha yuko wapi, mleteni mapema watu tuna shughuli. Mwenye banda alimfukuza mara moja. Akatoka bila ubishi, akazunguka nje, akaegemea dirishani na kuendelea kutoka huko, tena bila tiketi.

Alikuwa na hukumu yake, nayo aliitoa kwa yeyote aliyesimama. "Wameishiwa hadithi," anasema. "Wamarekani wameishiwa. Wahindi wameishiwa. Huyu wetu wa Bunda yeye hajaishiwa, hakuwahi kuwa nazo." Kwa maoni yake kosa lilikuwa moja: watu wanaotengeneza filamu walijifunza maisha kwenye filamu. Wanaiga mtu aliyeiga mtu. Hakuna kati yao, anasema, aliyewahi kukaa foleni ya pamba siku nzima na mvua inakuja.

Mimi sikuwa namkubalia. Nilimwambia saluni yangu inakula kwa sababu hiyohiyo. Wanawake ishirini wanakuja na picha moja kwenye simu, kila mmoja anataka nywele za yule mwanamke wa pichani, na kila mmoja akitoka anajiona wa pekee. Watu wanapenda kinachojulikana. Halafu nikamshika pabaya. "Na wewe, mzee, si unakula ugali kila siku ya Mungu? Umewahi kulalamika umejirudia?"

Alitafuna hilo kidogo. "Mama, ugali hauniambii kwamba ni mpya," akasema.

Nilikuwa na mteja kichwani, nikajifanya natafuta chanuo.

Lakini msimfanye mtakatifu. Mtu huyo aliyekuwa anatukana marudio alikuwa na hadithi tatu tu duniani, na zote nimezisikia mpaka naweza kuzisimulia mimi na yeye akae asikilize. Soda yake ilikuwa moja, kiti chake kimoja, salamu yake ya asubuhi moja. Na ile filamu ya mapacha aliyokuwa anaicheka, nilimkuta siku moja mchana barazani kwake, simu ameiegemeza kwenye birika, mapacha wanakumbatiana, machozi yanamtoka. Nikamuuliza hii si uliiona? Akasema ameiona mara nyingi. Nikamuuliza sasa analia nini. Akaniambia niende zangu nikasuke.

Misibani pia alikuwa tatizo. Misiba ya kweli, namaanisha. Alikuwa anajitahidi kwenda, anavaa koti lake jeusi, lilelile la kuzikiwa kwenye filamu. Watu wakimwona wanaanza kuangaliana. Kuna mazishi ya hapo Kamunyonge, kijana mmoja alimtazama mzee, akatazama jeneza, akatazama tena mzee, kicheko kikamtoka katikati ya sala. Wafiwa wakamwomba Marehemu kwa heshima zote akakae nyuma ya nyumba, kwa wapishi. Alikaa huko akamenya viazi mpaka mazishi yakaisha, na hakununa.

Kilichokuwa kinamsumbua kilikuwa kichwa cha mama yake.

Mama yake alikuwa hai, mkongwe, anaishi kijiji kimoja upande wa Butiama. Kwao, mtu wa nyumbani akizikwa, wananyoa nywele. Ndiyo desturi, wala si ya kwao peke yao. Sasa filamu ya kwanza ilifika kule kwenye simu ya mjukuu. Bibi akamwona mwanawe anakohoa, akaona jeneza, akaona udongo unatupwa. Wakamweleza: ni mchezo, Bibi, mwenyewe yuko Musoma anakula sato. Akasema sawa, ameelewa. Kisha akakaa chini na kuagiza wembe. Alisema kuelewa ameelewa, lakini macho yake yamemwona mtoto wake anaingia shimoni, na mama aliyeona hivyo halafu akabaki na nywele kichwani, huyo anakiita kifo cha kweli kije.

Basi ikawa hivyo. Kila filamu mpya, upara mpya. Walijaribu kumficha, haikusaidia, maana vijana wa gulioni walikuwa wanampelekea habari wenyewe: "Bibi, mwanao amekufa tena." Baadaye macho yake yakaingia mtoto wa jicho, akawa haoni, na mzee akadhani sasa yameisha. Wapi. Bibi akawa anaomba asikilizishwe. Akisikia kikohozi, halafu kimya, halafu watu wanapiga yowe, anaagiza wembe. Mimi ni mtu wa nywele. Nikimfikiria yule mama mzee anakaa chini kunyolewa kwa ajili ya hadithi ya kipuuzi ya Dairekta, na mimi ndiye niliyepaka poda, roho ilikuwa inaniuma, tena sana.

Nilimuuliza kwa nini asiache. Siku hiyo hakufanya utani. Alisema tangu mkewe aondoke, ni siku za filamu tu ambazo watu wanakaa wakimzunguka na kuulizana kama yuko sawasawa. Nikaendelea kufagia nywele chini.

Ndipo siku moja akavuka barabara, Dairekta akiwa saluni kwangu anachaji simu, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Nataka picha moja niishi," akasema. "Mpaka mwisho. Mama yangu aisikilize akae na nywele zake."

Dairekta alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. "Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini ukiishi, baba wadogo watakuja kufanya nini?"

"Watakuja kunisalimia."

"Kusalimia sio filamu, mzee wangu."

"Na kufa kila mwezi ndiyo filamu?"

"Watu wanapenda msiba. Wanajua walie wapi."

"Basi tafuta maiti mwingine," mzee akasema, akavaa kofia, akavuka barabara kurudi kwake.

Dairekta alitafuta. Wa kwanza, dereva wa bodaboda, alicheka jeneza likinyanyuliwa. Wa pili alilala usingizi wa kweli akakoroma kwenye ibada. Wa tatu alifumba macho vizuri, lakini ndugu zake walipomwona na pamba puani walimtoa kwenye jeneza kwa nguvu na kutaka kutupiga. Dairekta akarudi barazani kwa Marehemu na soda mkononi. Wakakubaliana, picha moja, baba anaishi.

Hapo ndipo nilipoona jinsi biashara nzima ilivyokuwa imeegemea kwenye maiti moja. Tulianza kama kawaida. Baba akakohoa, maana Dairekta hakuweza kujizuia. Baba akapona. Baba wadogo wakaja na gari lao la kukodi, wakashuka kwa vishindo, wakamkuta kaka yao amekaa sebuleni. Wakasimama. Wakamtazama Dairekta. Dairekta akatutazama sisi. Mwishowe mjane, ambaye sasa hakuwa mjane na hakujua afanye nini na mikono yake, akawaletea chai. Wakanywa. Chai ikaisha. Kamera bado inazunguka na hakuna mtu mwenye neno, kwa sababu wote walizoea kulia kuanzia hapo.

Basi mzee akaanza kuongea, maneno ambayo hakuandikiwa na mtu. Na tukagundua jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: maiti huyu wa daraja la kwanza, akiwa hai, ni mwigizaji mbovu kupita wote. Anaitazama kamera. Anapaza sauti kama mwalimu wa zamu mstarini. Anaanza habari ya pamba, anaingia ya samaki, anarudi ya utoto wake, anamsahau ndugu aliyemuuliza swali. Baba mdogo mmoja alisinzia kweli. Nilikuwa nimekaa pembeni na poda yangu, nikajisemea, jamani, kumbe msiba ulikuwa unatusaidia.

Dairekta alitaka kukata maneno yote. Mzee akamwambia akikata neno moja hatamwona tena kwenye jeneza maisha yake yote. Hayakukatwa. Filamu ikawa ndefu kama kikao cha ukoo, na Dairekta akakataa kuitoa, akasema itamharibia jina. Alimpa mzee kwenye flashi, akamwazima na kompyuta yake ya zamani, akarudi kwenye harusi zake. Kuhusu ubishi wetu wa siku zote, kama filamu zimeishiwa hadithi, siku ile nilijiona nimeshinda. Hii ilikuwa mpya kabisa, na hakuna aliyeitaka.

Mzee aliniomba nimsindikize kwa mama yake. Alisema hawezi kuwasha kompyuta. Kuwasha ni kubonyeza, na anajua, lakini nilikwenda.

Tulifika mchana, jua kali. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba, kwenye kivuli cha paa, mwili mdogo, mgongo umenyooka. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, nyeupe, fupi, na mimi kwa mazoea nikaziangalia kwanza. Pembeni ya mguu wake palikuwa na wembe mpya ndani ya karatasi yake. Alikuwa ameshajiandaa.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

Akanishika mkono, akaupapasa. "Marahaba. Ndiyo wewe unampakaga mwanangu unga?"

"Ndiyo mimi."

"Umempaka na leo?"

"Leo kidogo tu, Bibi. Jasho."

Akauachia mkono wangu. Mzee alikaa kwenye kigoda karibu naye, mimi nikaweka kompyuta juu ya ndoo iliyofunikwa, nikawasha. Kikohozi kikaanza. Uso wa Bibi ukabadilika. Mkono wa Bibi ukashuka taratibu mpaka kwenye wembe, ukakaa hapo.

Kikohozi kikakoma. Kimya.

"Amekufa?" akauliza.

"Bado, Mama," mzee akajibu kutoka kwenye kigoda.

Gari likaja, milango ikafungwa kwa vishindo, watu wakaingia, wakanyamaza.

"Sasa hivi amekufa."

"Hapana, Mama. Wanakunywa chai."

Halafu ile sauti ya mstarini ikatoka kwenye kompyuta, kubwa, mbaya, ikaanza pamba. Bibi akainua kichwa. Kwenye filamu zote alizowahi kusikia, mwanawe hakuwa na sauti zaidi ya kikohozi. Sasa aliongea na kuongea. Akaingia samaki, akatoka samaki. Kila akivuta pumzi, Bibi anauliza amekufa, na mzee anajibu niko, Mama. Nilianza kuona yale maneno mengi kwa namna nyingine. Mtu asiyeona, anayengoja kusikia mwanawe akinyamaza, unamfariji kwa kitu gani kama si kutokunyamaza?

Kisha sauti ikafika utotoni. Ikasema: nilipougua surua, mama yangu alinibeba mgongoni kwenda kwa daktari, kutwa nzima, na njia yote ananiuliza, upo, nami namjibu, nipo, kwa sababu nikilala aliogopa sitaamka.

"Muongo," Bibi akaiambia kompyuta. "Mgongoni alikuwa mdogo wako. Wewe ulikuwa kifuani."

Mzee akaivua kofia yake. Bibi akawa anasikiliza tu, mdomo wazi kidogo. Ndugu wa kwenye filamu wakaaga. Gari likaondoka. Kikombe kikawekwa mezani. Kompyuta ikanyamaza.

"Amekufa?"

Nilingoja mzee ajibu. Nikamtazama. Alikuwa ameinama, uso ameuficha ndani ya ile kofia yake, mabega yanatikisika, yeye ambaye hata wadudu wa ziwani hawakumtikisa. Ikabidi nijibu mimi.

"Hajafa, Bibi. Picha imeisha."

"Wamemzika nani?"

"Hawajazika mtu. Imeisha yeye amekaa, amemaliza chai yake."

Bibi akageuza kichwa kuelekea kigodani. "Wewe mura, kijana wangu, upo?"

"Nipo, Mama," mzee akasema kutoka ndani ya kofia.

Akanyoosha mkono hewani mpaka akapata goti lake, akalishika. Kisha akausukuma wembe pembeni kwa mguu, akajiweka vizuri kwenye mkeka.

"Basi irudieni mwanzo," akasema. "Nilikuwa nangojea jeneza, sijasikia vizuri alichokuwa anasema."